Je, Mariamu na Wenzake Hawakuwa Katika Mwili wa Kristo?

Katika kisiwa cha Rukuba, mkoani Mara, mama mmoja mwanika dagaa alituuliza swali lililomnyima usingizi. Mumewe, baada ya kumsikiliza mwalimu fulani, amemkataza binti yao kubatizwa. Anasema ubatizo wa maji ulikuwa wa waumini wa kwanza wa Yerusalemu, na hao hawakuwa viungo vya mwili wa Kristo. Mwili ulianza na Paulo.

“Basi mama wa Bwana yuko wapi?” aliuliza mama huyu. “Na mimi niache kusoma nyaraka za Petro?”

Fundisho hili si geni. Huko Uingereza E. W. Bullinger, aliyefariki mwaka 1913, alifundisha katika miaka yake ya mwisho kwamba mwili ulianza baada ya sura ya mwisho ya Matendo. Wengine huuanzisha sura ya 9, wengine ya 13. Tusiwacheke. Ni kweli kwamba Paulo peke yake ndiye aliyeliita kanisa mwili wa Kristo, na katika Waefeso 3 anaeleza alivyofunuliwa siri. Lakini soma mstari wa 5: wamefunuliwa mitume na manabii, si yeye tu.

Tena, jina kuchelewa si mtoto kuchelewa. Wewe uliyezaa wajua. Mtoto aweza kulala kifuani siku kadhaa wazee wakibishana aitwe nani, naye ni wa nyumba ile tangu alipolia mara ya kwanza.

Hebu tufungue Matendo 9. Sauli anakwenda Dameski kuwafunga waumini, wanaume kwa wanawake. Hao ndio wale wa mwanzo hasa. Bwana anapomsimamisha njiani hamwulizi kwa nini anawatesa watu wale. Anauliza kwa nini anamtesa Yeye. Kiungo kikipigwa, kichwa kimesema.

Halafu Warumi 16:7, mstari tunaoupita haraka kwa sababu ni salamu tu. Paulo anawataja Androniko na Yunia, na kukiri kwamba walikuwa katika Kristo kabla yake. Wachambuzi wengi leo wanakubali kwamba Yunia ni mwanamke. Mwili ungeanza na Paulo, huyu mama angetangulia kuingia wapi?

Kuhusu maji, Paulo mwenyewe alibatizwa Dameski. Naye anakumbuka kwamba aliwabatiza Krispo, Gayo na watu wa nyumbani mwa Stefana. Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, alibatizwa na nyumba yake yote katika safari ya Paulo.

Hapa Mara wamishonari Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934, na uamsho ukaja mwaka 1942. Wapo waliobatizwa kabla ya uamsho ule ambao walitubu upya kwa machozi. Kama walikuwa viungo tangu mwanzo ni swali jingine, nalo lina uzito wake.

Mama wa Rukuba hakutaka kubishana na mumewe mbele ya watoto, na tunaona alifanya vyema. Alingoja usiku wa mbalamwezi, wakati mitumbwi ya dagaa inapopumzika na baba yuko nyumbani, akamwomba wasome pamoja Warumi 16. Walisoma mara mbili. Mzee akanyamaza, kisha akauliza, “Huyu Yunia alikuwa nani?”