Mishamo: Namba ya Simu Kwenye Daftari la Wakulima ni ya Nani?

Mwanamke anayetaka mbolea ya ruzuku katika kata za Ilangu, Bulamata, Ipwaga au Mishamo yenyewe anahitaji vitu viwili: hela na namba. Hela ataihangaikia. Atauza madebe mawili matatu ya maharage, au atasubiri zamu yake ya kikoba. Namba ndiyo inayomtesa, kwa sababu ilitumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu, na simu iko mfukoni mwa mume ambaye yuko Mpanda mjini tangu juzi.

Utaratibu wenyewe ulibuniwa kwa nia njema. Agosti 8, 2022, kwenye kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ulioshusha mfuko wa DAP wa kilo 50 hadi Sh70,000, wakati bei ya sokoni ilikuwa imevuka Sh130,000. Ili mbolea isiishie kwa walanguzi, mkulima anaandikishwa kijijini kwake, taarifa zake zinaingizwa kwenye mfumo, naye anatumiwa namba yake kwa simu. Akifika kwa wakala, namba hiyo ndiyo inayomtambulisha. Mianya mingi ya wizi iliyokuwepo enzi za vocha za karatasi imezibwa hapo. Lakini mfumo unamfahamu mkulima kwa jina moja na namba moja, na katika kaya nyingi jina hilo ni la mwanamume.

Kwa watu wa Mishamo, suala la nani ameandikwa na nani hakuandikwa lina historia ndefu. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972. Ni eneo la takriban kilomita za mraba 2,050, kubwa kuliko kisiwa cha Unguja, lililopangwa katika vijiji 16 huku kila familia ikipewa shamba. Kwa miaka mingi mtu hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Mwaka 2007 Serikali ikafungua mlango wa uraia, na zaidi ya watu 160,000 wa makazi ya Mishamo, Katumba na Ulyankulu wakakubaliwa, lakini wengi wakakaa miaka kadhaa bila cheti mkononi hadi ugawaji ulipoanza Oktoba 2014. Leo Mishamo ni tarafa ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na wananchi wake wanapiga kura kama Watanzania wengine. Wanajua karatasi inaweza kumfanyia mtu nini, na wanajua maisha yanavyokuwa mtu akiikosa.

Ndiyo maana usajili wa laini kwa alama za vidole haukuwa jambo dogo huku. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi Januari 20, 2020, na aliyetaka laini ibaki hewani alihitaji namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA. Kupata namba hiyo ni nauli, ni foleni, ni siku nzima au mbili mbali na shamba na watoto. Kaya yenye nauli ya mtu mmoja humtuma baba. Na vidole vilivyoshika jembe na kuinua sufuria za moto kwa miaka thelathini wakati mwingine mashine haivisomi. Basi mama akitaka laini anasajiliwa kwa jina la mumewe, au la mwanawe wa kiume, au anakaa bila.

Athari za mwanamke kutoandikwa kwa jina lake zinaonekana wazi kwenye tumbaku, zao linaloingiza fedha nyingi Katavi. Atakayefika Mishamo msimu wa kuchuma atawaona wanawake wakitoka shambani na mizigo ya majani mabichi, mikono imeganda utomvu mweusi usiotoka hata kwa sabuni. Wanakaa chini ya kibanda wakifunga majani kwenye fito, moja baada ya jingine, kabla hayajaingia kwenye bani kukaushwa. Usiku bani linahitaji mtu wa kuchochea moto na kuangalia joto, na mara nyingi naye ni mama, mtoto mgongoni. Lakini mwanachama wa chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, ni baba. Mkopo wa pembejeo umeandikwa kwa jina lake, malipo yanaingia kwenye akaunti yake, na ujumbe wa benki unalia kwenye simu yake. Mke atajua kiasi kilicholipwa akiambiwa. Asipoambiwa, atakisia kwa kuangalia mume amerudi na nini.

Nimesikia hoja kwamba simu ni ya familia, kwa hiyo hakuna aliyenyimwa. Hoja hii inanikera, kwa sababu inatamkwa na watu ambao hawajawahi kuomba ruhusa ya kupiga simu. Simu ya familia ina mwenye namba ya siri. Ina mtu anayeibeba akienda kijiweni na mwingine anayeachiwa ikiwa haina salio. Kitochi kikiisha chaji kinapelekwa dukani kwenye sola, kinalipiwa, kinafuatwa jioni, na anayekwenda kukichukua ndiye anayesoma ujumbe ulioingia. Kuna pia wivu, jambo ambalo maofisa hawalitaji kwenye mikutano ilhali kila mtu analijua. Mwanamke mwenye simu yake anaulizwa aliyempigia ni nani. Mwenye simu janja anaulizwa zaidi, na baadhi ya wanawake huamua bora waiache kuliko kugombana kila jioni.

Picha ni hiyohiyo katika bara zima. Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilionyesha kuwa, kusini mwa Sahara, uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu uko chini ya ule wa mwanamume kwa asilimia 32. Mnara peke yake hauwezi kuziba pengo hilo. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na kila kijiji kilichokuwa gizani kina haki ya kushangilia. Ila mnara unafikisha mawimbi mpaka mlangoni. Ndani ya nyumba, simu inabaki kwa yule aliyekuwa nayo.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2011, huko Chambezi, Bagamoyo, ulianza mradi wa Sauti ya Wakulima. Kikundi cha wakulima, wanaume na wanawake, kilitumia simu janja chache kwa zamu. Aliyekuwa na zamu alipiga picha za mazao na wadudu, akarekodi sauti yake na za majirani, akazituma kwenye intaneti, na siku ya mkutano kikundi kikakaa pamoja kuzitazama na kujadili. Zamu ya mwanamke ilikuwa ni zamu yake. Katika wilaya ya Apac, kaskazini mwa Uganda, mtandao wa wanawake wa Uganda, WOUGNET, ulivipa vikundi vya wanawake wakulima simu pamoja na redio za kaseti, wakasikiliza vipindi vya kilimo kwa lugha yao na kupiga simu kuuliza. Katika mipango yote miwili kifaa kilikuwa mali ya kikundi, kwa hiyo hakikuwa cha mume kuondoka nacho.

Mishamo ina vikoba vingi, na kikoba tayari kina daftari, kina mwenyekiti, kina sanduku lenye funguo kwa watu tofauti. Simu ya kikundi ingekaa vizuri ndani ya utaratibu huo. Redio ipo pia: Mpanda Radio FM inatangaza kwa Kiswahili, na sauti inamfikia hata bibi aliyekulia Kirundi na asiyewahi kusoma. Wizara ya Kilimo ina huduma ya M-Kilimo, ambayo mkulima anaifikia kwa *152*00# bila bando, kupitia kitochi chochote. Inachodai ni kusoma menyu haraka kabla haijakatika, na hapo ndipo binti wa darasa la saba anapokuwa na thamani kwa kikundi kizima cha mama zake.

Na kuna jambo lisilohitaji mfadhili. Daftari la wakulima huhuishwa kabla ya msimu, na anayeliandika ni mtendaji wa kijiji akiwa na kalamu mkononi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Kwa hiyo mke mwenye ekari yake moja ya mahindi au karanga, anayoilima kwa mkono wake, ana sababu ya kusimama mbele ya meza ile na kuandikishwa kwa jina lake, ekari yake na namba yake. Kama hana laini, mtendaji aandike hivyo, kisha orodha ya wasio na laini iende kwa mkurugenzi wa halmashauri huko Majalila, ili siku maofisa wa NIDA na mawakala wa laini wanapopita vijijini wajue waanzie Ilangu au waanzie Ipwaga, na wafike siku ambayo wanawake hawako mabanini.