Siku ya Askari Mstaafu: Asubuhi, Mchana na Jioni Yake

Askari hufundishwa mambo mengi tangu siku aingiapo chuoni: kwenda hatua moja na wenzake, kusafisha silaha, kukaa lindoni usiku wa mvua, kutii amri na kuitoa. Jambo moja halimo katika mafunzo hayo, nalo ni namna ya kukaa nyumbani. Hata hivyo kila askari na kila polisi ajaliwaye umri ataifikia siku ya kurudisha sare ghalani, kukabidhi funguo za nyumba ya kambini na kuondoka pamoja na jamaa yake. Kesho yake hakuna baragumu, hakuna gwaride wala orodha ya zamu. Siku nzima ni yake, na aghalabu hajui aifanyie nini.

Ndugu msomaji, mara nyingi tumesoma habari za sherehe za kuaga, zawadi na hotuba zake. Leo twapenda kuzungumza juu ya Jumanne ya kawaida ya mtu aliyestaafu, hapa kwetu Uganda, siku isiyo na hotuba wala sherehe. Siku hizo ni nyingi. Mtumishi wa umma wa Uganda, kama mwenzake wa Tanzania na wa Kenya, kwa kawaida hustaafu kwa lazima afikapo umri wa miaka 60. Kenya ilipandisha umri huo kutoka miaka 55 mwaka 2009. Askari wa vyeo vya chini huondoka mapema zaidi, wengine wakiwa bado na watoto wa shule ya msingi. Basi mtu huyo aweza kuwa na miaka 20 au 25 mbele yake. Hiyo si jioni ya maisha. Ni alasiri ndefu, nayo yataka kazi.

ASUBUHI

Mwili una kumbukumbu. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka 30 ataendelea kuamka saa hiyo hiyo, hata kama hakuna anayemngoja. Wastaafu wanaoishi vizuri ni wale walioipa alfajiri hiyo kazi mpya, na katika sehemu nyingi za nchi yetu kazi hiyo ni shamba.

Mgomba wa matoke wamfaa sana mtu aliyezoea utaratibu, maana kila juma una haja yake: kukata majani makavu, kuweka matandazo, kuondoa machipukizi yaliyozidi. Wakulima hodari huacha migomba mitatu tu katika shina moja: mama anayezaa, binti atakayemfuata, na mjukuu anayechipua. Anayeyaacha machipukizi yote kwa huruma huishia kuvuna mikungu midogo isiyojaza hata sufuria.

Lakini shamba halitii amri. Mche wa kahawa aina ya robusta huchukua kama miaka mitatu kabla ya kutoa buni za kwanza. Kuku wa mayai hukaa karibu miezi mitano akila chakula cha kununuliwa kabla hajataga yai lake la kwanza. Kwa hiyo yule anayestaafu mwezi wa Juni na kupanda kahawa mwezi wa Septemba atangoja kwa muda mrefu na mfuko mtupu. Mwenye busara huanza kupanda angali kazini, kidogo kidogo, kila apatapo likizo, ili siku ya kurudi kijijini akute miti ikimngoja.

Tena shamba ni dawa. Mwili uliozoea kwenda mwendo kila siku, ukikalishwa ghafula kwenye kiti cha barazani huku chakula kikibaki kile kile, huongezeka uzito, na shinikizo la damu hupanda bila kutoa dalili. Yafaa mstaafu aende kwenye zahanati kupimwa hata asipoumwa, apunguze chumvi mezani, na aendelee kutembea. Askari wa kambini hupangiwa uchunguzi wa afya; mstaafu hana budi kujipangia mwenyewe.

MCHANA

Hapa ndipo penye taabu iliyofichika, nayo yawahusu sana kina mama wasomaji wa ukurasa huu.

Tuchukue mfano wa sajini aliyetumikia vituo vingi. Katika miaka hiyo yote ni bibi yake aliyeishi kijijini. Ndiye aliyelipa karo, akazika jamaa, akasuluhisha ugomvi wa mipaka na majirani, akauza maharagwe sokoni, akawa mweka hazina wa kikundi cha akiba. Bwana alikuja kwa likizo, akapokewa kama mgeni wa heshima, akachinjiwa kuku, akaondoka. Sasa amekuja moja kwa moja. Juma la kwanza ni furaha. Juma la pili anauliza kwa nini chai imechelewa. Juma la tatu anawapanga watoto mstari uani na kukagua viatu, na anataka kujua kila shilingi ya sokoni imekwenda wapi.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yamhusu hata mwenye nyumba. Bwana aliyerudi yampasa atambue kwamba hakukuta kikosi kisichokuwa na kiongozi. Amekuta nyumba iliyokwisha kuwa na utawala wake, na utawala huo ndio uliomlindia watoto na heshima. Yafaa aulize kabla ya kuamuru: ni kazi gani hapa haina mtu? Mara nyingi zipo. Paa linavuja, zizi limeoza, hesabu za mtoto wa darasa la sita hakuna wa kuzisahihisha, maji yako mbali na baiskeli ipo. Bibi naye yafaa avumilie. Aliyepigiwa saluti jana na leo hapigiwi ana jeraha ambalo hawezi kulionyesha, na ukali wake mara nyingine ni kilio.

Tusiwasahau askari wa kike na polisi wa kike, ambao nao sasa wanastaafu kwa wingi kuliko zamani. Kwao shida huwa kinyume. Bwana akistaafu, watu humwambia apumzike; bibi akistaafu, watu humwambia kwamba sasa atapata nafasi ya kupika vizuri. Wajukuu huletwa kwake mmoja baada ya mwingine, na kabla mwaka haujaisha amekuwa na zamu ndefu kuliko ile ya kituoni. Kulea wajukuu ni baraka, lakini watoto wenye adabu huuliza kwanza, na hutuma pesa za sabuni na maziwa pamoja na mtoto.

HESABU YA KIINUA MGONGO

Nyumba nyingi za wastaafu hazivunjwi na umaskini. Huvunjwa na fedha nyingi zilizokuja siku moja. Basi tuitazame hesabu yenyewe.

Katika utaratibu wa Sheria ya Pensheni ambao chini yake watumishi wa umma wengi wa Uganda wamestaafu, miezi ya utumishi huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, kisha jibu hugawanywa kwa 500. Aliyetumikia miaka 30 ana miezi 360, kwa hiyo pensheni yake ni asilimia 72 ya mshahara. Theluthi moja ya pensheni hiyo huzidishwa kwa miaka 15 na kulipwa kwa mkupuo. Hicho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zilizobaki hulipwa kila mwezi.

Tuseme mshahara ulikuwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Pensheni kamili ni shilingi 360,000. Katika hizo, shilingi 120,000 za kila mwezi kwa miaka 15 hukusanywa na kutolewa mara moja, jumla shilingi 21,600,000. Shilingi 240,000 zinabaki kwa mwezi, mpaka miaka 15 ipite ndipo pensheni kamili irudishwe.

Msomaji na aitazame tena hesabu hiyo. Zile milioni 21 si zawadi wala bahati. Ni pensheni yake mwenyewe ya miaka 15, aliyoichukua mapema. Anayeinunulia gari kuukuu lililokufa baada ya miezi minane, au anayeimaliza kwa kuwanywesha marafiki wasiomjua tena mwezi wa pili, amekula chakula cha siku ambazo bado hazijafika. Ndiyo maana wazee hushauri kwamba fedha hizo zikae benki kwa miezi sita bila kuguswa, ila kwa karo na dawa, mpaka kelele za washauri zitulie. Akiba haiozi. Vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vimewasaidia wengi kuanza kuweka wangali kazini.

Na karatasi zitunzwe. Barua ya kuajiriwa, barua ya kupandishwa cheo, barua ya kustaafu na kitambulisho cha taifa vikae katika faili moja, na tarehe ya kuzaliwa iwe moja katika vyote. Fomu ya kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai ijazwe kila mwaka bila kuchelewa. Bibi na mtoto mkubwa wajue faili liko wapi, kwa sababu mstaafu akifariki kabla ya kutimia miaka 15 tangu kustaafu, jamaa yake wana haki ya kulipwa mpaka miaka hiyo itimie. Wajane wengi wamehangaika ofisi hadi ofisi kwa ajili ya karatasi iliyokuwa chini ya godoro.

Tena mtu asitegemee mlango mmoja tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, posta na bandari walijikuta na madai yasiyo na mlipaji. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi mwaka 1984 tu, na hata baada ya hapo wapo waliongoja miaka mingi. Waliokuwa na shamba na ng'ombe walingoja wakiwa wameshiba.

MAHALI PA KUKAA

Kambi humfanya askari asahau kwamba nyumba si yake. Historia yetu ina funzo kubwa juu ya jambo hili. Askari wa Kinubi, ambao asili yao ni Sudan, walioletwa na Lugard mwaka 1891, walikuwa miongoni mwa mizizi ya jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902. Walipozeeka, wengi walikaa karibu na kambi walizozitumikia: Bombo hapa Uganda, na Kibera mjini Nairobi, jina litokanalo na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wazee wa Kibera waliruhusiwa kukaa, lakini hawakupewa hati. Watoto wao, wajukuu na vitukuu waliidai ardhi hiyo kwa muda wa karne nzima, hadi mwaka 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Ruhusa ya mdomo huisha pamoja na aliyeitoa. Kwa hiyo mwenye kununua kiwanja na anunue kwa karatasi, kwa mipaka iliyopimwa, mbele ya majirani na viongozi wa kijiji, na jina la bibi lisisahauliwe.

JIONI

Jua linapopungua ukali, chini ya mwembe hutolewa ubao wa omweso, wenye mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Hapo mstaafu huona tena raha ya kupanga mashambulizi. Mchezo huo wataka hesabu na kumbukumbu, nao huunoa ubongo wa mzee kama jiwe linoavyo panga. Karibu yake, kwa bahati mbaya, mara nyingi huwapo chupa ya waragi. Mzee anayeanza kunywa saa kumi alasiri kwa kuwa hana kazi, baada ya mwaka huanza saa nne asubuhi kwa sababu iyo hiyo. Kinga yake si mahubiri, bali ni kuwa mtu anayengojwa mahali.

Na mahali pa kungojwa hapakosekani. Kamati ya shule yahitaji mtu asiyeogopa kuuliza hesabu. Baraza la kijiji lahitaji mtu aliyezoea kusikiliza pande mbili. Vikundi vya kuzikana, vile viitwavyo munno mukabi katika Buganda, vyahitaji mwandishi mwaminifu. Vijana wanaotaka kuingia jeshini au polisi wahitaji mtu wa kuwaambia ukweli wa kazi hiyo. Penye wazee haliharibiki neno, lakini ni wazee wanaohudhuria, si wale wanaolalamika barazani kwamba hawakualikwa. Huko mstaafu atasikia akiitwa afande tena, na safari hii hataitwa kwa ajili ya nyota au tepe za begani.

Ninyi mlio bado kazini, msingoje barua. Likizo ijayo pandeni miche kumi. Mwezi ujao wekeni kidogo katika chama. Usiku wa leo kaeni na bibi au bwana, muulizane swali ambalo jamaa nyingi huliogopa: siku ile ikifika tutaishi wapi, nani atafanya kazi gani, na watoto wetu wadogo watakuwa darasa la ngapi? Andikeni majibu kwenye daftari, mkayatie tarehe, kisha myasome tena mwaka kesho.