Picha 24, sekunde 12: Kenneth darasani

Nilipokuwa BTP mwaka 2025, sekondari moja huku Mtawanya, nilifundisha Jiografia Kidato cha Tatu. Tulipofika kwenye vimbunga, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, Kenneth ilipokuja mimi nilikuwa darasa la nne. Tulihama nyumbani, halafu hamna kitu. Sasa si walitudanganya?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Anayeamini alidanganywa mara ya kwanza, mara ya pili hahami.

Nikaona maneno hayatoshi, waone wenyewe. Takwimu za njia ya kimbunga zinapatikana bure kwenye hazina ya IBTrACS, zikionyesha kilipokuwa kila baada ya saa 3. Nikachukua siku tatu, tarehe 23 hadi 25 Aprili 2019, nikaziweka kwenye QGIS, ambayo nayo ni ya bure. Kuanzia toleo la 3.14 ina kidhibiti cha muda: unabonyeza, nukta inatembea kwenye ramani.

Tatizo ni kwamba QGIS haikupi video. Inakupa rundo la picha: 0000.png, 0001.png, mpaka mwisho. Saa 3 kwa siku tatu ni picha 24. Kuziunganisha nilitumia programu ya FFmpeg, kwa mstari mmoja:

ffmpeg -framerate 2 -i %04d.png -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -r 25 kenneth.mp4

Tuufungue mstari huo, maana kila kipande kilinitoa jasho.

"-framerate 2" ni picha mbili kwa sekunde. Usipoiandika, FFmpeg inachukua 25, na kimbunga kizima kinapita chini ya sekunde moja! Kwa mbili, unapata sekunde 12.

"%04d" ni namba ya tarakimu nne. Ndiyo maana sufuri za mbele ni muhimu, na namba zisiruke. Ukifuta picha moja katikati, video inaishia hapo.

"yuv420p" ni mpangilio wa rangi ambao simu na televisheni nyingi zinauelewa. Video yangu ya kwanza ilicheza kwenye laptopu, lakini kwenye televisheni ya shule kioo kikabaki cheusi. Kumbe nilisahau hiki. Pia upana na urefu wa picha ziwe namba shufwa. Mimi niliweka 1280 kwa 720.

"-r 25" hurudia kila picha ili video iwe na kasi ya kawaida, kwani baadhi ya vifaa hugoma kasi ikiwa ndogo mno.

Siku ya kipindi nikaweka flashi. Nukta ikapita kaskazini ya Ngazija tarehe 24, ikaelekea bara. Darasa kimya. Kisha ikashuka kusini, na tarehe 25 ikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, karibu kilomita 200 kutoka kwetu.

Yule binti akaomba nirudie, nisimamishe kwenye tarehe 24. Akaitazama. "Hapa ndipo tulipokuwa tunahama," akasema. "Kwa hiyo hapa hakuna aliyekuwa na uhakika itaenda wapi."

Mwenzake akauliza kuhusu Hidaya ya 2024. Nikawaambia hiyo wataitengeneza wao. Ndugu zangu mnaokwenda BTP: bebeni flashi, na picha zenu msizifute mpaka video icheze kwenye televisheni ya shule.