Kompyuta ya Mwandishi wa Programu: Ipi Inafaa Hapa Dzaleka?

Mwezi huu tunaongea na wazazi, na vijana wasikilize pia. Siku hizi si ajabu mtoto kurudi nyumbani akasema, "Baba, nataka kusoma kuandika programu za kompyuta." Mzazi anauliza bei ya kompyuta, halafu ananyamaza. Pesa itatoka wapi, na mgao wenyewe hautoshi hata chakula? Na ikipatikana, tununue ipi? Hapa tunajibu swali la pili. Likijibiwa vizuri, hata lile la kwanza linapungua uzito.

Tusiseme kazi hii ni ya watu wa Ulaya. Mwaka 2010 Wajesuiti walianza masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti hapa hapa kambini. Baadaye Remy Gakwaya, mkimbizi aliyeishi hapa Dzaleka, alianzisha TakenoLAB, na vijana wakafundishwa kuandika programu.

Tena ni kazi inayobebeka. Mwaka 2023 serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wanaishi nje ya kambi warudi Dzaleka, wengi waliokuwa na maduka huko waliyafunga. Duka halibebeki mgongoni, lakini laptopu inaingia kwenye begi. Hatusemi kwamba kompyuta inaondoa sheria. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kwa masharti yake, na mambo ya kazi na ya kutembea yamo katika masharti hayo. Lakini ujuzi ukishaingia kichwani, haurudishwi na mtu.

BETRI KWANZA

Wengi wetu tutanunua mtumba. Ukishuka Lilongwe, uwe unazunguka Tsoka au umeelekezwa kwa mtu, usianze na bei wala na rangi. Iwashe mashine, chomoa chaji, kisha bishana bei polepole huku inawaka. Ikizima kabla hamjaelewana, umeshajua betri ikoje. Mahali ambapo magetsi, kama wenyeji wanavyouita umeme, yanakatika bila taarifa, betri ndiyo roho ya kompyuta.

Waandishi wengi wa programu duniani wanapenda ThinkPad za zamani. Si nzuri kwa sura, nyeusi kama sufuria ya mkaa, lakini ni ngumu na zinafunguka kwa bisibisi. Nyingi za zamani zina betri inayovuliwa kwa nje. Aina ya T480, iliyotoka mwaka 2018, ina betri mbili, moja ndani na moja nje, kwa hiyo unabadilisha ile ya nje bila kuzima mashine.

Uliza memori: gigabaiti 4 ni za kuanzia, 8 ni nzuri. Uliza diski: ile ya SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hiyo inavumilia mitikisiko ya njiani na inawaka haraka. Bonyeza kila herufi. Na hili lishike sana: kama mashine inadai neno la siri ambalo muuzaji mwenyewe halijui, iache. Huenda ni ya wizi, na atakayeulizwa njiani ni wewe. Omba risiti yenye namba ya mashine.

MFUMO USIOLEMEA

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani, ndiyo maana nyingine zinauzwa rahisi. Kwa mwandishi wa programu hiyo si hasara. Iko Linux, ambayo hailipiwi na wala haitaki leseni.

Iliyo maarufu zaidi inaitwa Ubuntu. Ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikatoka mara ya kwanza mwezi Oktoba 2004. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa mashine dhaifu chukua Lubuntu, ambayo ni Ubuntu iliyopunguzwa uzito, au Linux Mint ya Xfce. Mmoja akishaipakua, inawekwa kwenye fleshi, na fleshi hiyo moja inaweza kuhudumia darasa zima bila bando la pili.

MAHALI PA KUANDIKIA

Programu huandikwa kama barua, mstari kwa mstari, ndani ya kihariri. Wengi siku hizi wanatumia Visual Studio Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015. Ni nzuri na haina malipo, ila inakula memori. Mashine ikilemewa, iko Geany, nyepesi na rahisi kwa anayeanza.

Halafu iko Vim, na hii ina habari yake. Iliandikwa na Mholanzi Bram Moolenaar, ikatolewa kwa watu mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto, eneo ambalo UKIMWI uliacha yatima wengi. Aliporudi kwao hakuwasahau. Vim aliendelea kuitoa bure, ila aliyeipenda aliombwa awasaidie watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi ombi hilo lilitokea kwenye kioo kila ulipoifungua Vim bila faili. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na wengine wakaendeleza kazi yake.

Vim ni ngumu siku za kwanza. Hata kutoka ndani yake kunafundishwa! Lakini inafanya kazi kwenye mashine yoyote, na haingoji ubonyeze kuhifadhi. Kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4, inaandika akiba yake pembeni kwenye diski. Umeme ukikatika na betri ikafa, ukifungua tena faili ile inakuuliza kama urudishiwe kazi yako. Kwa mtu wa Dzaleka hiyo ni faida kubwa.

KAZI ISILALE NYUMBA MOJA

Mashine huibiwa, huungua, huanguka maji. Ndiyo maana mwandishi wa programu hutumia Git, iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, yule yule aliyeanzisha Linux. Git inatunza kila hatua ya kazi, na ukiharibu unarudi nyuma. Haidai intaneti: unaweka hatua zako wiki nzima bila bando, siku ukipata unazituma zote, na yanaenda mabadiliko tu. Hata fleshi inatosha kuwa ghala la pili. Iache kwa shangazi au kwa jirani, isikae ndani ya begi moja na laptopu.

Kwa vitabu, iko Kiwix. Inakuwezesha kusoma Wikipedia nzima na mafundisho mengine bila intaneti. Mmoja anapakua mahali penye mtandao mzuri, wengine wananakili.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Kabla ya kununua chochote, mpeleke kijana kwenye darasa la kompyuta miezi michache, aonekane kama anarudi kila siku. Anayeanza anaweza kujifunza hata kwa simu ya Android, kwa programu iitwayo Termux, ambayo ndani yake Vim na Git vinaingia. Akidumu, familia mbili zinaweza kuchangia mashine moja na kugawana saa. Wekeni ratiba kwenye karatasi, na binti apewe saa zake za mchana kama kaka yake, asiachiwe usiku baada ya kupika na kuteka maji.

Na ukimkuta amekaa mbele ya maandishi meusi saa nzima, usidhani anacheza. Mwambie akuonyeshe alichoandika wiki hii, na nakala yake ameiweka wapi. Akijibu yote mawili, mwache aendelee.