Mbiu na Daftari: Habari na Mali ya Pamoja katika Mitaa ya Makazi Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Walisema pia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hizi mbili hufunzwa mbalimbali; ya kwanza huhusishwa na dharura na ya pili huhusishwa na biashara. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja, zinaieleza vyema taasisi ambayo imeenea sana katika miji ya Kenya, nayo ni chama cha wakazi au cha wamiliki wa nyumba katika mtaa mmoja. Chama cha aina hii hushughulikia mambo mawili makuu: mali ambayo majirani wanaitumia kwa pamoja, na habari zinazoihusu mali hiyo.

Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki. Mali huwa ya pamoja kwa kiwango kile kile ambacho habari zake ni za pamoja. Fauka ya hayo, habari haziwezi kuwa za pamoja iwapo lugha inayozibeba haieleweki na wote wanaohusika. Hapo ndipo suala ambalo kwa juujuu ni la maji, taka na malango linapogeuka kuwa suala la Kiswahili.

1. Mtaa na Mali Yake

Mtaa si dhana ngeni katika utamaduni wa Waswahili. Katika miji ya kale ya pwani, mtaa ulikuwa sehemu ya mji yenye jina lake na watu wake waliojuana. Mji Mkongwe wa Lamu, ambao uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001, ungali unatambulisha watu wake kwa mitaa kama vile Mkomani na Langoni. Katika mitaa ya namna hiyo, kisima cha msikiti, kichochoro na baraza ya mbele ya nyumba vilitumiwa na wengi. Ni muhimu kutambua kuwa neno 'baraza' lina maana ya mahali pa kukaa mbele ya nyumba na vilevile maana ya mkutano. Lugha yenyewe inashuhudia kuwa pale palipokaliwa kwa pamoja ndipo pia palipotolewa habari.

Jijini Nairobi hali ilikuwa tofauti. Mitaa mingi ya Waafrika ilipewa majina ya Kiswahili, mathalani Kaloleni, Ziwani, Bahati na Shauri Moyo, lakini wakazi wake walikuwa wapangaji wa manispaa au wa waajiri wao. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa na ukumbi wake wa kijamii. Hata hivyo, mwenye mali alikuwa mmoja naye ndiye aliyepaswa kuirekebisha. Miradi ya baadaye, kama vile Buruburu iliyoanza katika miaka ya 1970, ilikusudiwa kuwawezesha wananchi kununua nyumba. Hapo likazuka swali jipya: ikiwa kila mtu ni mwenye nyumba, ni nani mwenye uwanja wa watoto, mtaro wa maji machafu na taa iliyo njiani? Huduma za baraza la jiji zilipodorora, hasa katika miaka ya 1980 na 1990, wakazi wa mitaa mingi walianza kuwaajiri walinzi, kujenga malango na kuwalipa wazoa taka kwa fedha zao wenyewe. Baadhi ya vyama vyao vimeungana katika shirika la kitaifa linalojulikana kama KARA.

Kuhusu majumba ya fleti, sheria imelijibu swali hilo kwa uwazi zaidi. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka wa 1987 ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya mwaka wa 2020. Kwa mujibu wa sheria hii, anayenunua fleti hupata hati ya sehemu yake na, papo hapo, fungu katika mali ya pamoja: ngazi, paa, lifti, maegesho, bustani na kadhalika. Fungu hilo haliuzwi peke yake. Huandamana na nyumba. Aidha, ramani ya sehemu za jengo inaposajiliwa, huzaliwa shirika ambalo wanachama wake ni wamiliki wote. Shirika hilo ndilo linalotunza mali ya pamoja na kuwatoza wamiliki gharama kwa kadiri ya mafungu yao.

2. Mbiu: Tangazo Linalofika

Mbiu ya zamani ilikuwa na sifa moja kubwa: ilisikika na kila mtu kwa wakati mmoja. Tangazo la leo hubandikwa kwenye ubao wa langoni, hutumwa kwa ujumbe wa simu au huwekwa katika kundi la WhatsApp. Kila njia ina watu inaowaacha nje. Ubao haumfikii mmiliki anayeishi ughaibuni. Kundi la simu aghalabu huwa la wamiliki pekee, ilhali anayechota maji, anayepika na anayelea watoto ni mpangaji au mfanyakazi wa nyumbani.

Hata tangazo likifika, halina budi kueleweka. Tazama mfano ufuatao wa kubuni: "Wakazi wanaarifiwa kwamba kutakuwa na kukatizwa kwa huduma ya maji siku ya Jumamosi saa 2.00 kutokana na sababu zisizoepukika." Tangazo hili lina kasoro tatu. Kwanza, saa haieleweki. Msomaji anayehesabu saa kwa Kiswahili ataelewa kuwa ni saa mbili asubuhi. Anayehesabu kwa Kiingereza ataelewa kuwa ni saa nane mchana. Baina ya fasiri hizo mbili kuna saa sita, nazo zinatosha kumwacha mgonjwa au mtoto mchanga bila maji. Pili, halisemi maji yatarudi lini, hivyo mtu hajui ateke ndoo mbili au ajaze pipa. Tatu, linaficha sababu, na palipofichwa sababu uvumi huingia.

Tangazo hilo lingeweza kuandikwa hivi: "Maji yatafungwa siku ya Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Fundi atakuwa akisafisha tangi la juu. Tafadhali tekeni maji ya kutosha Ijumaa jioni. Mwenye swali amwone msimamizi langoni." Maneno ni mepesi, saa zimefungamanishwa na asubuhi na jioni, na msomaji anaelezwa la kufanya. Wanafunzi wa isimujamii watatambua hapa sifa za sajili ya matangazo: uwazi, ufupi na wito wa kutenda.

3. Daftari: Hesabu Inayosomeka

Iwapo mbiu hueleza yatakayokuwa, daftari hueleza yaliyokuwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa jengo lenye nyumba 40 za ukubwa sawa, kila moja ikitozwa shilingi 5,000 kwa mwezi. Mapato yanayotarajiwa ni shilingi 200,000. Tuseme walinzi hulipwa 80,000, umeme wa pampu, taa na lifti 45,000, usafi 25,000, uzoaji taka 20,000, na 30,000 huwekwa akiba. Nyumba nane zisipolipa, hupungua shilingi 40,000. Mlinzi hawezi kulipwa nusu mshahara, na umeme usipolipiwa hukatwa. Kwa hivyo akiba yote huliwa kwanza, kisha shilingi 10,000 zinazosalia hupunguzwa mahali ambapo pengo halitaonekana upesi, kwa mfano katika usafi.

Kwa miezi mingi hakuna anayeona tofauti. Taa zinawaka na lango linalindwa. Kisha siku moja pampu inaharibika, akiba haipo, na kila nyumba inatakiwa itoe fedha za ziada kwa ghafla. Waliokuwa wakilipa kila mwezi huhisi wameibiwa, na kamati hushukiwa hata kama haikuchukua senti. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili ufa uzibwe ni lazima uonekane, na mahali pa kuuonyesha ni katika taarifa ya hesabu. Taarifa inayosema tu kuwa "mapato yalikuwa shilingi 160,000" ni ya kweli lakini haielezi lolote. Taarifa bora hutaja kilichotarajiwa, kilichopatikana, kilichotumika na hali ya akiba.

Suala jingine ni majina ya wadeni. Baadhi ya kamati huyabandika langoni. Wanaotetea desturi hiyo husema kuwa mali ya pamoja haina siri. Hata hivyo, jina na deni la mtu ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka taarifa hizo zitumiwe kwa misingi ya kisheria. Isitoshe, langoni hupita wageni, wachuuzi na watoto wa mdeni huyo. Yafaa itangazwe idadi ya nyumba zenye deni na jumla ya fedha, kisha mdeni aandikiwe barua yake. Uwazi wa hesabu ni tofauti na kuaibishana.

4. Lugha ya Mkutano na Lugha ya Kumbukumbu

Mikutano mingi ya mitaa nchini Kenya huendeshwa kwa mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza. Watu hulalamika, huteta, hutania na kukubaliana kwa Kiswahili. Lakini kumbukumbu, kanuni na barua huandikwa kwa Kiingereza. Matokeo ni kwamba mjadala hufanyika katika lugha moja nao uamuzi huhifadhiwa katika lugha nyingine. Aliyezungumza mkutanoni huenda asitambue maneno yake mwenyewe yakishaandikwa, wala asiweze kuyasahihisha katika mkutano unaofuata. Bawabu naye hukabidhiwa kanuni za Kiingereza azitekeleze, kisha hulaumiwa na mwenye gari asemapo kuwa hajui kilichoandikwa.

Hali hii hailazimishwi na Katiba. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi, nayo Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari, hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine, ikiwa zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki yake. Serikali yenyewe ilipotaka kuwahimiza majirani washirikiane katika usalama mwaka wa 2013, iliuita mpango huo Nyumba Kumi, jina linalotokana na mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulioanza Tanzania katika miaka ya 1960. Jina lilieleweka mara moja kila mahali. Ni ajabu basi kwamba jirani anaweza kuitwa kulinda mtaa kwa Kiswahili, lakini akisoma hesabu za mtaa huo hana budi kutafuta mkalimani.

5. Istilahi na Athari Zake

Kizingiti kikubwa katika kuandika nyaraka za mitaa kwa Kiswahili si ukosefu wa maneno bali ni kuyatumia kiholela. Mifano mitatu itatosha.

Wa kwanza ni neno 'mchango'. Wakazi wengi huita malipo yao ya kila mwezi mchango. Nchini Kenya, neno hili limefungamana na harambee, ambapo mtu hutoa apendacho na kwa moyo wake. Anayeambiwa kuwa ni mchango ana haki ya kudhani kuwa anaweza kukosa kutoa. Kumbe katika jengo lenye shirika lililosajiliwa, malipo hayo ni deni. Neno 'ada ya huduma' ni sahihi zaidi, kwa kuwa ada ni malipo yaliyowekwa na yenye kima kinachojulikana. 'Kodi' haifai, maana hulipwa mwenye nyumba au serikali.

Mfano wa pili ni 'kamati' na 'shirika'. Si nadra kusikia kuwa "kamati imeamua kuuza uwanja" au "ofisi imekataa". Kisheria, shirika ni wamiliki wote. Kamati au bodi ni watumishi wao. Maneno haya yakichanganywa, wenye mali hujiona wageni katika mali yao, nao watumishi hujiona wenyewe.

Mfano wa tatu ni 'cha umma' na 'cha pamoja'. Barabara ya kaunti ni ya umma. Haki ya kuitumia ni ya kila mpita njia. Ngazi za jengo ni za pamoja. Wenyewe wanajulikana na idadi yao inahesabika. Chama kinachofunga barabara ya umma kwa lango na kuiita ya pamoja kimevuka mpaka, sawa na mtu binafsi anayenyakua uwanja wa pamoja. Migogoro mingi ya malango huanzia katika utata huu.

Istilahi nyingine zipo tayari na zimezoeleka katika shughuli za Bunge na vyama vya ushirika: 'akidi' kwa idadi ya chini inayohalalisha mkutano, 'kumbukumbu', 'azimio', 'malimbikizo ya madeni', 'mkaguzi wa hesabu' na 'hazina ya akiba'.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chama cha mtaa husimama kwa mbiu na daftari. Mbiu isiyosikika huwaacha wengine bila maji. Daftari lisilosomeka huwaacha bila akiba na bila imani. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee hapa. Wengi wao wanaishi katika mitaa yenye vyama, na wana ujuzi wa tafsiri unaohitajika. Kutafsiri kanuni za mtaa kabla hazijapigiwa kura, kuandika kumbukumbu kwa lugha iliyotumika mkutanoni na kuhariri tangazo la langoni ni kazi ndogo ambazo haziwezi kusubiri sera kutoka juu. Tahadhari moja tu ni muhimu: pale ambapo kanuni zimesajiliwa kwa Kiingereza, tafsiri haina budi kukaguliwa na mwanasheria ili mkazi asije akategemea neno ambalo halitamlinda.

Kiswahili kimetetewa sana kwenye makongamano. Kinahitaji sasa kutumiwa pia kwenye ubao wa langoni, mahali ambapo jirani anasoma ili ajue kama kesho atakuwa na maji.