Satet wa Misri na Maji ya Rufiji
Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ilimhusu Hapi, roho ya mafuriko ya mto Nile. Leo tumtazame Satet, mungu wa kike aliyeaminiwa kuyafungulia mafuriko hayo katika kisiwa cha Elephantine, Aswan, kusini mwa Misri.

Satet alichorwa na taji jeupe lenye pembe za swala. Hekalu lake la mwanzo, la yapata miaka 3000 kabla ya Kristo, lilikuwa chumba kidogo cha matofali ya udongo kati ya majabali. Waumini waliacha humo sanamu ndogo za watu na wanyama. Watawala walilijenga upya mara nyingi, akiwemo malkia Hatshepsut. Mto ulipoanza kujaa mwezi Juni, Wamisri waliamini maji yanabubujika kutoka mapangoni chini ya kisiwa. Kina cha maji kilipimwa kwenye ngazi za mawe, na kodi ya mavuno ikakadiriwa kwa kipimo hicho.

Kumbe maji hayo yalitokana na mvua ya nyanda za juu za Ethiopia. Ibada ilisimama pale nguvu ya mto ilipoonekana, mbali na chanzo chake.

Wasomaji wa Mfaranyaki, hapa Songea, wanaijua hali hiyo. Luwegu huanzia huku kwetu Ruvuma, hukutana na Kilombero, na hapo Rufiji huzaliwa. Kando ya Rufiji watu walimwendea mzimu Bokero kuomba mvua, mavuno na afya. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipandwa na Hongo, mzimu aliye chini ya Bokero, akaanza kugawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Vita vya Maji Maji dhidi ya watawala wa Kijerumani vilipozuka, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, lakini dawa ilikwishasambaa. Omari Kinjala aliifikisha Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi wetu wakanyongwa hapa Songea.

Wapo wanaowacheka wazee kwa kuamini maji yangezuia risasi. Wanasahau kwamba maji hayo yalikuwa ya shamba kabla ya kuwa ya vita. Waliopanda pamba kwa viboko vya Wajerumani waliyaendea kama walivyoyaendea wakati wa ukame, wakiomba uhai. Misri, hekalu la mto lilikuwa mikononi mwa mfalme. Rufiji, watu wasio na mfalme mmoja walipata katika maji kiapo cha kuwaunganisha, Wamatumbi hadi Wangoni. Heshima tunayoitoa kila Februari iiguse na imani hiyo, siyo vita peke yake.

Wiki ijayo: Anuket, mwenzake Satet, na sherehe zake mtoni.