Kicheko cha Nani? Mtazamaji wa Garsen na Kichekesho Kipya cha Runinga

Utangulizi

Kila kichekesho kipya cha mfululizo kinapoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika runinga, watazamaji hugawanyika. Wapo wanaocheka hadi machozi, wapo wanaouliza kinachochekesha ni kipi, na wapo wanaolalamika kuwa Kiswahili kimeharibiwa. Aghalabu mgawanyiko huu huelezwa kwa sababu nyepesi, kwamba kila mtu ana ladha yake. Makala hii inashikilia kuwa sababu hiyo haitoshi. Kabla mtazamaji hajaamua kama kichekesho kinachekesha, hutafuta kwanza nafasi yake ndani ya kicheko hicho: je, amealikwa kucheka, au yeye ndiye anayechekwa? Ili kulifafanua jambo hili, tutamwangazia mtazamaji wa Garsen, katika kaunti ya Tana River, mbele ya vichekesho vya aina ya Vitimbi na Papa Shirandula.

Lafudhi kama barakoa

Kichekesho cha mfululizo huwa na wahusika walewale, mahali palepale, na kisa kipya kila juma. Nguvu yake haitokani na kisa, bali na mazoea. Mtazamaji humcheka mhusika kwa kuwa anamjua na anatazamia atakavyoteleza. Katika runinga ya Kenya, njia ya mkato ya kumtambulisha mhusika imekuwa lafudhi. Vitimbi, kilichotangazwa kwa miaka mingi na shirika la KBC, kilijengwa juu ya Mzee Ojwang' na mkewe, Mama Kayai. Papa Shirandula, kilichoanza mwaka 2007 katika Citizen TV, kilimhusu mlinzi wa lango anayejitahidi kumficha mkewe kazi yake halisi. Mhusika huyo aliigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki mwaka 2020.

Ikumbukwe kuwa lafudhi hizo si lazima ziwe za waigizaji wenyewe. Mzee Ojwang', mhusika mwenye lafudhi ya Kijaluo, aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, na jina Wanjau ni la Kikikuyu. Otoyo wa Papa Shirandula naye huzungumza kama Mjaluo, ilhali mwigizaji wake, Kazungu Matano, ana jina la Kimijikenda, la watu wa pwani. Kwa hiyo lafudhi ya jukwaani ni barakoa. Anayeivaa anaweza kuivua mwisho wa kipindi. Mtazamaji ambaye hiyo ndiyo sauti aliyozaliwa nayo hana cha kuvua.

Mtazamaji wa Garsen na lugha zake

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Tana River ilikuwa na watu 315,943, wanaojumuisha Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamalakote, Wamunyoyaya, Wagiriama na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, lakini hawakijii kutoka upande mmoja. Kipokomo ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, kundi moja na Kiswahili, Kimijikenda na Kikomoro. Kiorma ni lugha ya Kikushi, jamaa ya Kioromo.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika suala la kicheko. Tuchukue mfano wa mhusika anayesema “kitabu yangu imepotea”. Hili ni kosa ambalo vichekesho vya Kenya hulitumia mara kwa mara. Mpokomo, ambaye lugha yake ina ngeli zinazokaribiana na za Kiswahili, husikia upatanisho wa kisarufi ukivunjwa papo hapo. Anaweza kucheka, na pia anaweza kukereka. Kiorma hakina ngeli za namna hiyo, kwani nomino zake hugawanywa katika jinsia ya kiume na ya kike. Kwa Muorma, sentensi ileile huenda ipite bila kusikika kuwa kosa, au imkumbushe darasa alimochekwa kwa kusema vivyo hivyo. Sentensi ni moja, na watu wawili waliokaa ubao mmoja mbele ya runinga moja hawakuisikia kwa sikio moja.

Vivyo hivyo kwa lafudhi za bara. Anayetamka “samba” akikusudia “shamba” humchekesha anayemjua msemaji wa aina hiyo. Mkazi wa Garsen huenda amemjua kupitia mwalimu, askari au karani aliyehamishiwa huko kikazi. Asiyemjua huona mtu akitamka vibaya, basi. Mwanazuoni Mjerumani Hans Robert Jauss, katika nadharia yake ya upokezi aliyoanza kuieleza mwaka 1967, aliuita mzigo huu wa mazoea anaokuja nao mpokezi upeo wa matarajio. Kazi mpya hupimwa kwa upeo huo. Pale Garsen, upeo si mmoja.

Utani na masharti yake

Utamaduni wetu una chombo cha kueleza kicheko cha aina hii, nacho ni utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na katika jamii nyingi babu ni mtani wa mjukuu wake. Utani una masharti mawili. Kwanza, pande zote mbili zimeukubali. Pili, anayetaniwa ana haki ya kujibu. Mtu asiye mtani akisema maneno yaleyale, hayo si utani tena, ni matusi.

Kichekesho cha runinga ni utani unaokosa sharti la pili. Kinasema, nasi hatuna pa kujibia. Ndiyo maana sharti la kwanza, la kukubaliana, hubeba uzito maradufu, na ndilo linalojadiliwa katika siku za mwanzo za kipindi. Anayenung'unika baada ya sehemu ya kwanza si lazima awe amekosa ucheshi. Huenda anasema: mimi na nyinyi bado hatujawa watani.

Jambo hili si la mzaha mahali kama Tana River. Mapigano ya mwaka 2012 na 2013 baina ya Wapokomo na Waorma katika eneo la delta yaliua zaidi ya watu 100. Mahali penye kovu kama hilo, mtu humtupia jirani jicho kabla ya kucheka. Kichekesho kinachowafanya wote wawili wamcheke mlinzi anayejificha mkewe huwaweka upande mmoja kwa nusu saa. Kinachomfanya mmoja amcheke mwenzake kwa jinsi anavyotamka hutonesha kovu. Tofauti baina ya vichekesho hivyo viwili ni hii: cha kwanza hucheka tabia, ambayo mtu anaweza kuiacha, cha pili hucheka asili.

Kuna pia lalamiko la kutokuwapo. Lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Taifa zima husimama kwa heshima mbele ya sauti hiyo. Hata hivyo, katika vichekesho tulivyovitaja, wahusika wakuu ni watu wa bara. Kwa hiyo mtazamaji wa Garsen ana maswali mawili yanayopingana: mbona hatumo, na tukitiwa, tutatiwa vipi?

Hukumu ya sehemu ya kwanza

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sehemu ya kwanza ya kichekesho ni mgeni aliyefika jana. Ina kazi ya kutambulisha wahusika ambao bado hawajazoeleka, nayo mazoea, kama tulivyosema, ndiyo chimbuko la kicheko chake. Hivyo si haki kuihukumu sanaa yake kwa usiku mmoja. Lakini malalamiko ya usiku huo yasipuuzwe, kwa kuwa baada ya mazoea kukita, hata dhihaka huanza kuonekana ya kawaida, na aliyechekwa hujifunza kunyamaza.

Hitimisho

Tumeona kuwa mapokezi mseto ya kichekesho kipya hayaelezeki kwa ladha pekee, bali kwa lugha anayotoka nayo mtazamaji na kwa nafasi anayopewa ndani ya kicheko. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna jukumu hapa. Tumezoea kuvikagua vipindi hivi kwa kuhesabu makosa ya sarufi. Yafaa tuongeze swali lingine: kosa hili limetiwa kinywani mwa nani, na nani ameketi mbele ya runinga akilisikia? Mwanafunzi wa Kiorma anayepambana na ngeli za Kiswahili katika darasa la Garsen anastahili kichekesho atakachokicheka bila kuogopa kesho yake kufungua kinywa.